Kunyonga baiskeli: mguu unaopanda uvute pedali au uache?

Makocha wengi wa baiskeli za mashindano husisitiza "kunyonga duara": mguu mmoja ukikanyaga, mwenzake uvute pedali juu, nguvu isikatike. Hoja hiyo ilipata mashiko kampuni ya Look ya Ufaransa ilipoleta pedali za kunasa kiatu mwaka 1984, na Bernard Hinault akashinda Tour de France ya 1985 akizitumia. Kiatu kimeshanaswa; kwa nini mguu upande juu bila kufanya kazi?

Vipimo vinawapa wavutaji nusu ya haki. Mwaka 2007 mtafiti Thomas Korff na wenzake waliwapima waendesha baiskeli 8 kwa wati 200, mizunguko 90 kwa dakika. Walinyonga kwa mazoea yao, kwa duara, kwa kuvuta na kwa kukanyaga. Kuvuta ndiko kulikoelekeza nguvu vizuri zaidi kwenye pedali. Lakini ndiko pia kulikogharimu mwili zaidi kwa kazi ileile.

Inakuwaje? Mguu unaopanda hulalia pedali, na kifaa cha kupima nguvu huusoma kama unampinga mwenzake. Kumbe uzito wake umeshalipwa na uzito wa mguu unaoshuka upande wa pili, kama sahani mbili za mizani. Anayeuinua kwa misuli anaokoa kitu ambacho hakikuwa kinapotea. Tena anaihamisha kazi kutoka mapajani na makalioni, kwenye misuli mikubwa, kwenda kwenye misuli midogo ya kukunja nyonga, ambayo huchoka mapema. Hata mtafiti Edward Coyle na wenzake, walipowachunguza waendeshaji wa Marekani mwaka 1991, waliona kwamba walio bora zaidi waliwazidi wengine kwa kukanyaga chini kwa nguvu, si kwa kuvuta.

Wavutaji wana jibu, na si la kupuuza: jaribio la muda mfupi halisemi lolote kuhusu mwili uliozoezwa kuvuta kwa miezi. Zipo kranki, yaani mikono inayoshika pedali, ambazo kila mguu huzungusha mkono wake bila kusaidiwa na mwenzake, zilizobuniwa kwa mazoezi hayo hasa, lakini matokeo ya tafiti zake yanapingana. Penye nguvu zaidi kwao ni pale pumzi haihesabiwi: kuondoka kutoka kusimama, mita 200 za mwisho, kilima kifupi chenye mawe. Hapo vuta utakavyo.

Kwa safari ya saa nyingi, mimi niko upande wa kukanyaga. Pedali za kunasa zina faida yake, mguu hautelezi ovyo miguu inapokwenda kasi, ila si ile inayotajwa dukani. Mwenye baiskeli ya Phoenix na pedali bapa hapungukiwi sana. Kabla ya kununua viatu, apandishe kwanza tandiko hadi goti libaki limekunjika kidogo tu pedali ikiwa chini. Wengi hunyonga wakiwa wamekaa chini mno, magoti yakikaribia kifua.