Mashine zikifika Lindi na Mtwara, zitumike wodini

Habari ya ultrasound ndogo za kifua kwa wodi za upasuaji za Lindi na Mtwara imeeleza bei yake, ila matumizi haikuyagusa, na huko ndiko kwenye kazi. Majeruhi wa bodaboda, au aliyeanguka mnazini: mlaze chali, weka probu (kichwa cha mashine kinachogusishwa mwilini) bapa ya masafa ya juu nafasi ya pili au ya tatu kati ya mbavu, chini ya katikati ya mtulinga. Utando wa pafu ukiteleza kila anapovuta pumzi, hapo chini ya probu hakuna hewa iliyovuja kutoka pafuni. Usipoteleza, msikimbilie kutoboa kifua kutoa hewa! Pafu lililogandana na ukuta wa kifua, au mpira wa pumzi ulioingia upande mmoja, huonyesha vivyo hivyo. Ukiona mahali utelezi unapokomea, hiyo ni hewa kweli. Mgonjwa anayezidiwa huku presha ikishuka, huyo asisubirishwe picha.

Kwa damu au maji yaliyojaa kifuani, tumia probu pana iliyopinda, ubavuni kuelekea nyuma. Tafuta kwanza kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, ndipo uweke alama ya kupitishia mpira wa kutolea damu au maji, na mkao usibadilike. Hewa ikiwa chini ya ngozi huficha kila kitu, mpeleke eksirei. Jeli ifutwe kila mara, na spiriti huharibu uso wa probu nyingi: someni maelekezo ya mtengenezaji.