Ni madumu sita tu jamani, siyo Bahari ya Hindi nzima

Naanza na marekebisho. Jamaa yangu wa bajaji anapita kila kijiwe akisema nimebeba kiroba cha chumvi nikaenda kukimwaga baharini kwa sababu bahari imepoa. Huyo ametia chumvi. Aliyetia chumvi ya kweli ni mimi: gramu 480, kwenye madumu sita ya lita 20, na nilizipima kwa mizani. Iliyoingia baharini haizidi kijiko, nayo nitaieleza tukifika. Kwa hiyo mnaonitumia ile video aliyonirekodi na vikatuni vya kulia kwa kucheka, nipeni nafasi na mimi niseme.

Tangi langu la samaki wa baharini mnalijua, lita 200. Wale wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, kamba mmoja mwekundu anayesafisha wenzake, konokono, na matumbawe laini yanayocheza kama nyasi. Na mnajua ninavyowasumbua watu kwa habari ya kipimo. Chumvi ni 35 kwa elfu, yaani gramu 35 katika kila kilo ya maji. Kwa haidromita, ile inayolinganisha uzito wa maji yako na maji matupu, ni 1.0264 maji yakiwa nyuzi 25. Mtu akiniambia yeye anapima kwa ulimi, huwa nabadilisha mazungumzo. Kumbukeni hilo la ulimi.

Jumapili asubuhi nikasawazisha rifraktomita. Kwa asiyeijua, ni kibomba kifupi kama darubini ya mtoto, mbele kina kioo kilichokatwa mshazari na kifuniko cha plastiki. Unadondosha matone mawili matatu, unafunika polepole kiputo kisibaki, unasubiri nusu dakika hadi dakika nzima ili tone na kioo viwe joto moja, kisha unaelekeza kwenye mwanga na kuchungulia. Juu bluu, chini nyeupe. Zinapokutana ndipo penye namba ya chumvi, kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga. Lakini kwanza unaweka maji yasiyo na kitu, na mstari usiposimama kwenye sifuri unausogeza kwa skrubu ya juu. Mimi hutumia maji ya betri, yale ya kuongezea. (Soma chupa vizuri, maana kuna wauzaji wanaoita asidi nayo "maji ya betri". Hiyo itakula kidole, kioo na hamu yako ya kufuga.)

Mstari ukasimama kwenye nne.

Maji yasiyo na kitu, nne. Nikasema ni joto hili la Dar, kifaa kimeyumba. Nikachukua bisibisi ya saa, nikageuza skrubu taratibu huku nimebana pumzi kama fundi wa mabomu, mstari ukashuka mpaka sifuri. Nikajipongeza. Nikachota maji ya tangi. 31.

Wiki iliyotangulia yalikuwa 35.

Wewe unayesoma hapo ulipo umeshajua kosa liko wapi, na hujawahi hata kufuga perege. Mimi nina miaka sita kwenye mambo haya na sikuona kitu. Mjinga angesema, "Kifaa kimeharibika," akalala. Mimi najua mambo, na kila jambo nililolijua siku ile lilinizamisha zaidi.

Najua kwamba maji yakipungua kwa jua na feni, yanayoondoka ni maji matupu, chumvi inabaki. Chumvi ya tangi haishuki yenyewe. Ili lita 200 zishuke kutoka 35 hadi 31, lazima mtu atoe kama lita 23 na kujaza maji baridi, yasiyo na chumvi, mahali pake. Nikamwita mpwa wangu. "Umemwaga ndoo humu?" Akaapa kwa Mungu hajamwaga. Lakini macho yalikuwa chini, kidole cha mguu kinachora sakafu. Nikajua huyu anaficha kitu. Na kweli alikuwa anaficha kitu.

Nikatoa kipimo cha zamani, kile kisanduku cha plastiki chenye mshale. Kikasema 1.026. Safi kabisa, sivyo? Lakini najua kwamba viputo vikishika mshale vinaunyanyua, unasoma chumvi nyingi kuliko iliyopo. Nikakigonga. 1.026. Nikakitikisa, nikakiloweka, nikakigonga tena. 1.026. Nikasema basi hivi ni viputo vidogo visivyoonekana kwa macho. Niliyasema maneno hayo kwa sauti, peke yangu, sebuleni.

Uamuzi: maji mapya kutoka baharini. Bahari haina skrubu.

Kwa wanaochota, msiende ovyo. Nenda maji yakijaa, mbali na mdomo wa mto, na kama masika imekolea subiri siku kadhaa, kwa sababu mito inasukuma maji baridi yanayoelea juu ya yale ya chumvi. Mimi nilichagua siku ya bamvua, Kunduchi, saa kumi jioni, maji yamejaa pomoni. Jamaa wa bajaji akanipeleka na madumu yangu sita. Nilifanya kila kitu sawasawa. Andikeni hapo: kila kitu sawasawa.

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo alipowasha simu.

Nimeingia maji ya magoti, suruali nimekunja. Nachota kwa kikombe. Narudi mchangani, nachuchumaa, nadondosha matone matatu, nafunika, nahesabu mpaka sitini. Wavuvi wako pembeni wanashona nyavu, watoto wamekwisha kusogea. Nasimama. Naelekeza kibomba kwenye anga upande wa jua, jicho moja nimefumba.

Mzee mmoja akaacha sindano ya wavu. "Mwanangu, mwezi umeandama?"

"Shikamoo mzee. Hapana, napima chumvi."

"Marahaba. Chumvi ya nini?"

"Ya bahari."

Akawatazama wenzake. Mimi nimerudisha jicho kwenye tundu. Mstari umetulia, umekatika vizuri kama ukingo wa shuka iliyopigwa pasi. 31.

Hapo, wapendwa, dunia ilinipa nafasi ya kutoka salama. Tangi linasema 31, Bahari ya Hindi inasema 31, maji yaliyosafishwa kiwandani yalisema nne. Mpira uko golini, kipa hayupo. Nikafuta kioo, nikapima tena. 31. Nikashusha kibomba, nikakunja uso kama daktari mwenye habari mbaya, nikatamka kwa sauti inayosikika vizuri sana kwenye video:

"Bahari imepungua."

Kimya. Wimbi moja likaja, likarudi.

"Imepungua?" mzee akauliza. Maji yalikuwa yanamgonga kisigino. Ilikuwa bamvua.

"Chumvi, mzee. Imepungua nne."

"Nne nini?"

"Nne kwa elfu."

Mzee akageukia wenzake, akapaza sauti kama anayetangaza msiba: "Jamani, huyu kijana anasema bahari imepungua nne!" Mmoja akauliza ni nani kazichukua. Mwingine akasema ndiyo maana juzi hawakupata kitu.

Jamaa wa bajaji, nyuma ya simu, akauliza kwa upole wa kinyama: "Imepunguzwa na nini, kaka?"

"Mvua," nikasema.

Ilinyesha juzi yake. Mvua ya kulowesha kanga kambani, ikakata. Nilipofika nyumbani ndipo nilipoikokotoa: kila mita moja ya kina cha bahari ingehitaji milimita 129 za mvua ili ishuke kutoka 35 hadi 31. Kwa bahari yenye kina cha mita kumi tu, hiyo ni mita moja na ushee ya mvua kwa mkupuo. Dar nzima ingekuwa juu ya mabati. Lakini mchangani pale nilisema "mvua" na nikatikisa kichwa kwa masikitiko.

Kisha nikafungua begi. Nilikuwa na pakiti ya chumvi ya akwariamu, ile inayoagizwa nje, ambayo bei yake sitaitaja kwa sababu mama watoto anasoma hapa. Nikatoa mizani. Gramu nne kwa lita, lita 20, gramu 80 kila dumu. Nikaweka mrija wa kumiminia, nikawa natia dumu baada ya dumu, nafunga, natikisa. Nimechuchumaa mbele ya bahari nzima, natia chumvi ya dukani kwenye maji yake. Watoto wanahesabu madumu kwa pamoja, kama mnada. Nilipomaliza la sita, pakiti ilikuwa na unga umeganda kwenye kona, nikaenda kuisuuza kwenye wimbi.

Hicho ndicho kijiko. Na hiyo ndiyo sekunde aliyoikata na kuirusha: mimi nimeinama, nakung'uta pakiti ya chumvi baharini, na nyuma sauti ya mzee inasema, "Ongeza kidogo, mwanangu, huku kwetu bado."

Yaliyofuata nayapitisha haraka. Nikatoa lita 120 za tangi, nikaweka 120 zangu. Kifaa kikasema 33 na kidogo. Kesho yake nikaongeza gramu 320 nyingine kwa awamu, kikasema 35, nikalala kwa amani. Ukweli tangi lilikuwa 39. Jamaa anasema niliwahamishia samaki Bahari ya Shamu bila viza, na kwa hesabu hayuko mbali. Konokono alipanda ukutani akatoka majini kabisa, akakaa juu ya kifuniko kama anayesubiri daladala. Matumbawe yakajikunja ngumi. Alhamisi nikamkuta kamba wangu chini, mwekundu, mtupu, hasogei. Nikamfunga kwenye tishu, nikamzika kwenye chungu cha mwasumini. Jioni kamba akatoka nyuma ya jiwe. Nilizika gamba. Chumvi ikibadilika ghafla hujivua, nalijua hilo pia.

Ijumaa ndiyo ukweli ulipotoka, tena kwenye pasi. Mpwa alikuwa ananipigia kanzu kwa pasi ya mvuke, pasi ikatema, kifuani pakabaki vidoa vyeupe. Nikavikwangua kwa ukucha, vikatoka unga.

"Umeweka maji gani?"

"Yaleyale, anko. Ya chupa yako."

Chupa yangu ya maji ya betri. Alisoma mtandaoni kwamba pasi inataka maji hayo.

"Yalitakiwa kuisha zamani."

"Yaliisha, anko." Kidole cha mguu kikaanza kuchora sakafu. "Nikajaza usije ukaniuliza."

"Ukajaza maji ya wapi?"

"Bomba la nje."

Bomba la nje ni kisima. Majirani wanakijua kisima chetu: sabuni haitoi povu, chai yake mgeni hamalizi. Nikamimina kwenye kiganja, nikaonja. Kwa ulimi. Mwaka wa sita wa ufugaji, vifaa vitatu mezani, na jibu limetoka kwa ulimi.

Kwa hiyo nilikuwa nimeifundisha rifraktomita kwamba maji ya kisima chetu ni sifuri. Kila kitu ikawa inakisoma chini kwa nne. Kuisawazisha kwenye sifuri peke yake, hata kwa maji safi, nako ni kujitakia, kwa sababu unachotaka kujua kiko 35, mbali na hapo. Sasa nina maji yangu ya mfano: chumvi ya mezani gramu 36.5 ndani ya maji safi gramu 963.5, jumla kilo moja, na kifaa cha maji ya bahari kikisome 35. Ni 36.5 na siyo 35 kwa sababu chumvi ya bahari siyo ya mezani peke yake, inapinda mwanga tofauti. Ndiyo maana vile vya bei rahisi vilivyotengenezewa maji ya chumvi ya kawaida husoma bahari ya 35 kama 36 na nusu. Nusu gramu hiyo mizani ya jikoni haiioni, kwa hiyo nenda kwa sonara au tengeneza kilo kumi: gramu 365 kwa maji kilo 9.635. Chupa ifunge kabisa isipungue. Yangu iko kabatini, na ufunguo ninao mimi.

Tangi nilitoa lita tano kila siku na kujaza maji matupu kiasi hicho hicho, siku nne, ikateremka kama moja kwa siku mpaka 35. Konokono ameshuka. Mpwa anapiga pasi za nyumba nzima mpaka mwezi uishe.

Jana nikarudi Kunduchi na madumu. Nilikwenda mapema nisikutane na mtu. Nikadondosha matone, nikasubiri, nikachungulia. 35 kamili.

"Leo vipi?" Mzee yuleyule, wavu uleule.

"Imerudi, mzee. Iko 35."

Akatikisa kichwa taratibu, akawageukia wenzake. "Si niliwaambia ile pakiti inatosha."