Mwacheni Aliyefiwa Amlilie Mungu

Jumamosi iliyopita nilikuwa msibani hapa Mwanza, kwa jirani aliyefiwa na mtoto wa miaka minne. Jeneza lilipotolewa nje, mama wa mtoto alipiga magoti akapaza sauti: "Mungu wangu, kwa nini mimi? Si nilikuomba usiku kucha?" Mhubiri aliyeongoza ibada alikatiza wimbo, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba kulia namna ile ni kukufuru, kwa kuwa kazi ya Mungu haina makosa. Wanawake wawili wakamshika mikono, wakamwingiza ndani, na mtoto akapelekwa makaburini mama yake akiwa amefungiwa chumbani. Wiki nzima jambo hilo limenikosesha usingizi.

Kwamba kazi ya Mungu haina makosa, mimi pia naamini. Ninachokataa ni imani hiyo kugeuzwa kiganja cha kumziba mdomo mtu ambaye, katika saa mbaya kuliko zote maishani mwake, amemgeukia Mungu yuleyule na kumwita kwa jina. Mama yule hakuwa anamkimbia Mungu. Alikuwa anaomba, na sisi tukaikatiza sala yake.

Wanaotunyamazisha hupenda kumtaja Ayubu: "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Lakini maneno hayo aliyasema nani? Aliyasema Ayubu mwenyewe, aliyefiwa na wanawe kumi, akiwa amerarua joho lake na kunyoa kichwa. Hakuna aliyemsimamia akamlazimisha kuyatamka. Rafiki zake watatu walipofika waliketi naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno, na hadi hapo walifanya vema. Kisha Ayubu akafumbua kinywa akailaani siku aliyozaliwa, na katika sura nyingi zinazofuata anamlalamikia Mungu, anamdai majibu, anataka kuhojiana naye uso kwa uso, huku rafiki zake wakimtetea Mungu kwa hoja zinazofanana sana na zile za vipaza sauti vyetu. Mwisho wa kitabu, katika sura ya 42, Mungu anawakasirikia hao watetezi, na kusema kwamba aliyenena yaliyo sawa juu yake ni Ayubu. Natamani kila anayepanda kuhubiri msibani aisome sura hiyo kabla hajavaa joho lake.

Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Bwana, "hata lini utanisahau?" Zaburi ya 88 inaishia gizani, bila shukrani mwishoni, na bado imo kati ya sala tulizopewa tuziombe. Yesu mwenyewe, aliyelia kaburini kwa Lazaro, aliiomba Zaburi ya 22 msalabani kwa sauti kuu.

Nimelelewa na mama mdogo aliyempoteza kaka yake MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996. Hatukuupata mwili. Kila tulipopita Igoma, walikozikwa wengi wa waliokufa siku ile, alisimama kidogo, kwa sababu huenda ndugu yake alikuwa miongoni mwa wale ambao hawakutambuliwa. Kwa miaka mingi sala yake ya jioni ilianza na swali lilelile: "Bwana, ulikuwa wapi?" Baada ya swali hilo alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akatuombea sisi watoto, mmoja baada ya mwingine, kwa majina. Sijapata kumwona mtu mwenye imani nzito kuliko yake. Kama kuna aliyemwambia anakufuru, namshukuru Mungu kwamba hakumsikiliza.

Nitakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba wengi wanaosema "usilie" hawana ubaya wowote. Wanaogopa, hawajui la kusema, na wengine wamelala matangani siku tatu, wakachota maji na kupika bila kudai shukrani. Paulo naye aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama watu wasio na matumaini. Lakini hakuwaambia wasihuzunike kabisa, na mtu asiye na tumaini lolote hana sababu ya kumuuliza Mungu chochote. Hata ndugu zetu Waislamu, wanaohimizana subira, wanasoma katika Sura Yusuf jinsi Nabii Yaakub alivyomlilia mwanawe hadi macho yake yakawa meupe, akasema kwamba huzuni yake anaipeleka kwa Mwenyezi Mungu.

Jumatatu nilikwenda kumwona yule mama. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, amejifunika kanga hadi kichwani, na jambo la kwanza aliloniuliza ni kama Mungu amemkasirikia kwa yale aliyoyasema siku ya mazishi. Nilimsomea Zaburi ya 13. Aliniomba nirudie mstari wa kwanza, nikaurudia, naye akaufuatisha kwa sauti, polepole, mara tatu.