Kikao cha ulinzi cha shehia bila ya vijana

Pita jioni hapa mjini Zanzibar katika shehia yoyote, eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha, Kikwajuni au Mwanakwerekwe, utaona wanaokutana na gari ya doria ni vijana waliokaa maskani. Wao ndio wanaoulizwa wanafanya nini pale, wanaopekuliwa mifuko na kupandishwa gari. Sheha akiita kikao cha ulinzi na askari wa polisi jamii akahudhuria, waliokaa ni wazee. Vijana huitwa baadaye, shauri limeshakatwa, waambiwe zamu zao za kulinda usiku.

Wanaokataa vijana kuingizwa kwenye shauri hilo wana hoja zao. Wapo wanaosema polisi ni jambo la Muungano, amri zinatoka juu, kwa hiyo kijana wa shehia hana la kuamua. Hii naiona nyepesi, maana hakuna aliyeomba kijana amwamuru mkuu wa kituo. Yanayoamuliwa shehiani ni mengine: barza ipi ivunjwe, doria ipite njia gani, nani apelekwe kituoni na nani arudishwe kwa wazee wake akanywe.

Hoja nzito ni ya siasa. Maskani nyingi zina bendera za vyama, na Pemba hawajasahau Januari 2001, polisi walipowapiga risasi waandamanaji. Sheha mwenyewe huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Kijana atakayechaguliwa na sheha, nusu ya wenzake watamwona mtu wa chama. Tena wiki atakayokaa kikaoni akikamatwa muuza unga mtaani, nani atamsadikisha mtu kuwa si yeye aliyechongea? Hofu hii siidharau. Kijana wa Ng'ambo, mitaa yetu ya hapa mjini, hana pa kuhamia akishaitwa mchongezi.

Uingereza yalitokea ya kutokea. Mwaka 2013, huko Kent, msichana wa miaka 17 aliteuliwa kuwa kamishna wa vijana katika mambo ya polisi, kwa mshahara wa pauni 15,000 kwa mwaka. Siku chache tu baadaye yakaibuliwa maneno aliyokuwa ameyaandika mtandaoni alipokuwa mdogo zaidi, akajiuzulu. Wengi walisema: si mnaona? Mimi nilichokiona ni mtoto mmoja aliyebebeshwa peke yake mzigo wa vijana wa mkoa mzima, mbele ya kamera.

Lakini liko jambo linalonifanya nisiweze kukaa katikati. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hutoa takwimu za udhalilishaji wa kijinsia kila mwezi, na mwaka baada ya mwaka wahanga wengi ni watoto, wasichana wakiwa ndio wengi zaidi. Tumeweka mahakama maalum, vituoni kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Bado kesi zinakwama, na kila mtu hapa anajua neno linalozikwamisha: muhali. Mtuhumiwa ni mkwe, ni jirani, ni mtu aliyesaidia maziko ya baba. Wazee wanakaa, wanasuluhisha, mtoto ananyamazishwa.

Sasa fikiria kikao cha ulinzi cha shehia kinachojadili jambo hilo. Wanaolijua kwa karibu ni wasichana wa skuli: wanajua uchochoro upi hawapiti baada ya masomo ya jioni, dereva gani hawapandi gari yake wakiwa peke yao, nyumba ipi watoto huitwa kupewa peremende. Wanaambiana wao kwa wao kila siku. Mwanzo wa njia ya kuyafikisha hayo kwa sheha ungekuwa kikaoni, na kikaoni hakuna hata mmoja wao. Nimejiuliza mara nyingi ni watoto wangapi wameumia katika pengo hilo, kati ya kinachojulikana skuli na kinachosemwa kwa sheha.

Najua muhali unawashika vijana pia. Msichana wa miaka 18 hatafungua kinywa mbele ya rafiki wa baba yake. Kwa hiyo kumwekea kiti tu hakutoshi. Baraza la Vijana lipo kwa Sheria Na. 16 ya 2013, na lina ngazi ya shehia. Lichague lenyewe, sheha asichague: wawili au watatu, wasichana wakiwemo, wabadilishwe kila baada ya miezi kadhaa ili lawama isimwangukie mmoja. Kikaoni wazungumzie mahali na saa, kama kichochoro kisicho na taa au barza inayouziwa unga, wasitakiwe kutaja jina la mtu. Mwenye jina la kutaja alipeleke Dawatini kwa siri. Na wasichana wapate wakati wao na askari mwanamke, wazee wakiwa wametoka.

Wazee watasema hilo la kutoka ni kuwavunjia heshima. Mimi ni mtu mzima, na ningetoka.