Binti wa nahodha hadanganywi kwa maji

Kuna mwandishi mmoja anayedai kwamba vichekesho vya vijana wanaofichiana mipango ya kando vinafundisha uzinzi. Mimi ni mtu wa Langoni, Lamu, na sikubaliani naye hata kidogo. Kichekesho kizuri hakimsifu mzinzi, kinamuumbua mbele ya watu, yeye pamoja na marafiki wanaomsitiri.

Huku kwetu uongo wa kulala nje unao mahali pake: bahari. Sahibu yangu mmoja alinipigia simu alfajiri. "Ndugu yangu, ukiulizwa, sema jana tulikuwa tunatoka Pate, saa kumi jioni tukakwama kwenye mkondo wa Mkanda, maji yamekupwa." Nikaenda nikasema hivyo hivyo mlangoni kwake. Mkewe alikuwa na ungo wa mchele. Akapepeta, akapepeta, kisha akauliza taratibu: "Shemeji, jana si bamvua? Mwezi mpevu, saa kumi maji yamejaa pomoni. Mlikwama wapi?" Babake ni nahodha! Nikamtazama mwenzangu, naye anatazama ndara zake.

Barazani tulicheka hadi machozi. Lakini yule dada alikuwa akiniwekea mahamri kila Idi kama nduguye wa tumbo moja, na tangu siku ile hajanikaribisha ndani. Hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo watunzi, tungeni zaidi, ila huyo mwenye ungo mpeni maneno ya kusema. Kila mara mnampa kulia tu.