Majani ya mapadri na mvua ya Bukavu

"Mapadri wanafuga majani, siye tunalala watu wanane ku chumba." Maneno haya niliyasikia kwa baba mmoja anayeishi chini ya ukuta wa shule ya sekondari ya Wakatoliki, hapa Ibanda, komini ya mji wa Bukavu, mashariki ya Kongo. Juu ya ukuta kuna uwanja wa mpira, miti na majani. Chini yake nyumba zimebanana hata maji ya bati la jirani yanaanguka mlangoni kwako. Kartie (mtaa) nzima inauliza: kwa nini shule isiachie kipande, hata hekta moja tu, watu wapate pa kujenga?

Anayeuliza hivyo ana hoja. Tangu sheria ya Julai 1973 udongo wote ni wa Serikali, na mapadri wanashikilia hati ya kuutumia tu. Serikali ndiyo yenye jukumu la kulipa walimu wa shule hizi (angalau wale waliobahatika kuingia kwenye listi ya mishahara). Tena elimu ya bure ya 2019 iliishia shule ya msingi, kwa hiyo mtoto anaweza kukua akisikia kengele ya shule kila asubuhi na minervali (karo ya shule) ikamzuia kuvuka lango. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "shule ni yenu nyote," atakucheka.

Wajesuiti, shirika la mapadri Wakatoliki, walipofungua mwaka 1938 koleji ambayo leo tunaiita Alfajiri, mji huu uliitwa Costermansville, na nafasi haikuwa shida. Leo tunahesabiwa kupita milioni, kwenye vilima vilevile. Basi ni rahisi kuliona eneo la shule kama ukumbusho wa wakoloni uliosahauliwa katikati ya watu.

Mimi nahesabu bidoni, yaani madumu ya maji. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua kali ya mchana mmoja, tuseme milimita 40, ikipiga bati la nyumba ndogo ya mita za mraba 60, inamwaga lita 2,400: bidoni 120 za lita 20. Gawanya sasa ile hekta moja wanayoiomba, weka nyumba 40 za kadiri hiyo. Ni lita 96,000, yaani bidoni 4,800, na hapo sijagusa njia zilizokanyagwa zikawa ngumu kama simenti. Bati halinywi hata tone. Majani na mizizi vinakunywa sehemu, na kinachobaki vinakiachia polepole. Bidoni 4,800 ndani ya saa moja au mbili, zikitafuta mtaro uliojaa chupa na mifuko, zitapita wapi? Zitapita kwa yule baba wa watu wanane, kwa sababu ndiye anayekaa chini.

Mji huu una mfano wake. Funu, kule komini ya Kadutu, kilima kizima kinatembea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia mwendo wake kwa miongo saba, ulionyesha kwamba watu walivyozidi kujenga juu yake ndivyo mwendo ulivyobadilika, na maji yasiyo na njia yakiwemo katika sababu. Udongo wa kuteleza ulikuwepo kabla yetu, ila sisi tunauharakisha.

Kuna jambo lingine ambalo wanaodai kipande hawapendi kulisikia. Kipande kikitoka, hakitaenda kwa huyo baba. Tumeona viwanja vya Serikali vilivyomegwa humu mjini: mwenye parsele (kiwanja) mpya hufika na gari, na nyumba yake huwa ya ghorofa. Maskini wa kartie atabaki palepale, akiwa na ghorofa juu yake na maji mengi zaidi mlangoni. Ndiyo maana mapadri wanaposema "hapana" mimi siwaoni wachoyo, hata kama wanalisema vibaya, bila kumfafanulia mtu.

Sehemu moja siwezi kuwatetea. Mabati ya shule yenyewe ni mapana kuliko ya mtu yeyote pale. Jengo la madarasa la mita za mraba 1,000 linamwaga lita 40,000 kwa mvua ileile, bidoni 2,000, na nimeona kwa macho yangu bomba linalotoboa ukuta na kuyatema maji hayo kwenye avenyu ya chini. Shule inayojitetea kwa majani yake haiwezi kumpa jirani maji ya paa lake. Matangi na shimo la kupokea maji vichimbwe ndani ya eneo lake, na kabla ya Septemba, mvua zinaporudi. Na ule uwanja, ambao Jumapili mchana hauna mtu, sioni sababu ya kuufunga kwa kufuli huku vijana wakicheza mpira barabarani kati ya magari. Majani hayafi kwa kukanyagwa saa tatu kwa wiki.

Nilimpelekea yule baba hesabu ya bidoni 4,800. Alinyamaza kidogo, akauliza kama lile bomba la ukutani nalo nimelihesabu.