Usiuchokonoe Moto Usiku

Bibi yangu kule Makete alikuwa akiulaza moto kama anavyolaza mtoto. Ugali ukishaliwa, anachagua kinga kimoja kizito kilichoshika vizuri, anakifukia kwenye majivu katikati ya mafiga, basi. Alfajiri anafukua, anapuliza mara mbili tatu, sufuria ya chai inabandikwa. Wenye kujua baridi ya Makete ya mwezi wa saba wataelewa thamani ya kaa lile. Nilikua nikiamini kwamba jivu ni blanketi la moto, popote duniani.

Kisha nikapanga nyumba kaskazini mashariki mwa Pennsylvania, si mbali na Wilkes-Barre, yenye jiko la makaa ya mawe sebuleni. Makaa ya huku ni anthrasaiti, meusi ya kung'aa, magumu kweli kweli. Mimi na elimu yangu ya bibi nikaacha majivu yajae chini ya wavu, nikajaza makaa, nikapanda kulala. Saa kumi usiku nikaamka naiona pumzi yangu mwenyewe.

Mzee jirani alikuja, akafungua kilango cha chini, akacheka. Anthrasaiti ni karibu kaboni tupu, haishiki upesi kama kuni. Inataka hewa ipande kutoka chini, ipenye kati ya vipande, na mimi nilikuwa nimeiziba njia. Hapo hapo Wilkes-Barre, mwaka 1808, mtu aitwaye Jesse Fell alionyesha kwamba mawe haya huwaka vizuri yakiwekwa juu ya wavu wa chuma, bila mvukuto. Siri yote ilikuwa hewa ya chini.

Siku hizi nafanya hivi. Natikisa wavu mpaka vijikaa vyekundu vianze kudondokea kwenye sinia la majivu, naacha. Najaza makaa ya ukubwa wa ndimu ndogo mpaka juu, ila kona moja naiacha wazi, nyekundu, ili gesi inayotoka kwenye makaa mapya ikutane na moto mara moja. Nilipofunika kote siku moja, gesi ilijikusanya, ikalipuka kwa kishindo, kilango kikafunguka chenyewe, paka hakuonekana siku nzima. Miali ya buluu ikishatulia, napunguza hewa ya chini, nakwenda kulala. Likipangwa vizuri linakaa hata kwa muda wa saa 12.

Kosa kubwa, na hili nalibishia na kila mgeni anayekuja kunitembelea, ni kuchochea kwa juu. Sisi tuliolelewa na kuni mkono hautulii, moto ukififia kidogo tu tunatafuta kijiti. Ukiichokonoa anthrasaiti kwa juu unachanganya majivu na makaa, hewa inakwama, na moto uliokuwa unajiendea wenyewe unaufisha kwa huruma yako.

Sasa, nilipomsimulia shangazi kwa simu, akaniambia, "Mwanangu, mbona sisi huku tunaingiza jiko la mkaa chumbani na linatufikisha asubuhi?" Nilipandisha sauti, na sikumwomba radhi. Jiko langu lina dohani inayotoa hewa yake hadi juu ya paa, na hata hivyo nimefunga ving'ora vya kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu ya moto, juu na chini. Jiko la mkaa chumbani halina dohani. Mkaa uliokolea, usio na moshi hata chembe, ndio unaowadanganya watu. Sumu yake haina harufu wala rangi, inamkuta mtu usingizini. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea.

Tena shangazi anasahau jambo moja. Bibi aliulaza moto, lakini hakulala nao. Jiko lake lilikuwa kibanda peke yake uani, cha nyasi, moshi ukijitokea utakavyo. Sisi tumeondoa kibanda, tumepiga dari na kuweka madirisha ya vioo, halafu moto tumeuhamishia chumbani kama vile hakuna kilichobadilika.

Ni saa nne usiku ninapoandika. Nje theluji, wavu nimeshautikisa, miali ya buluu inacheza kwenye ile kona. Upande wa kushoto naona kama umefifia kidogo. Mkono unaniwasha.